Leseni ya Muda Hubeba Watu Wawili

Haya ni maneno niliyoyasema tarehe 8 Novemba, Siku ya Radiografia Duniani, mjini Morogoro, mbele ya watarajali wa radiolojia na wasimamizi wao. Wenzetu waliobaki zamu siku hiyo wameomba wayapate yote, nami nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu mgeni rasmi, waganga wafawidhi mliotuheshimu kwa kufika, wasimamizi, watarajali wetu, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa. Nimepewa nusu saa, na harufu ya pilau inayotoka huko nyuma inanikumbusha kwamba sitaongezewa hata dakika moja.

Naomba watarajali wote msimame. Simameni, msione haya. Ahsanteni. Makoti mapya, yamepigwa pasi, mnapendeza. Sasa bakini hivyo hivyo, na kila mmoja wenu anionyeshe kwa mkono mtu aliyeandikwa kuwa msimamizi wake. Eeh. Mikono ni michache. Kijana wa shati la bluu hapo katikati, wewe umeinua mkono kisha ukaushusha. Unasemaje? "Simjui hasa ni nani, huwa wanabadilishana." Haya, kaeni. Mmenisaidia kuanza.

Ndugu zangu, nimekuja na jambo moja tu, mengine yote nitakayoyasema yanalizunguka hilo. Leseni ya muda, ile mnayopewa kwa ajili ya mwaka wenu wa utarajali, imeandikwa jina la mtu mmoja lakini inabeba watu wawili. Mtarajali anaruhusiwa kumlaza mgonjwa mezani na kubonyeza kitufe kwa sababu kuna mwenzake mwenye leseni kamili aliyekubali kuwapo. Mwondoe huyo wa pili, na ruhusa yenyewe imekufa, hata kama tarehe ya kwisha kwake bado miezi minane.

Mmewahi kuliona gari la shule ya udereva? Lina herufi L mbele na nyuma, na upande wa mwalimu kuna breki yake mwenyewe. Sasa fikirini mwalimu ashuke pale njiani kununua mihogo ya kukaanga, amwambie mwanafunzi, "Endelea tu mpaka Msamvu, nakuja na bodaboda." Mnacheka. Trafiki akilisimamisha lile gari, mnadhani ataishia kuuliza maswali kwa aliyeshika usukani?

Sasa niambieni, ni mara ngapi nyie wasimamizi mmeshuka kununua mihogo?

Sisi tuna sheria mbili zinazotushika mikono. Ya mwaka 2003 iliiunda Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ya Arusha, na hao ndio wanaotaka mashine yenyewe iwe na leseni, chumba kiwe na kuta zinazostahili, na mionzi ipimwe. Ya mwaka 2007 ililiunda Baraza letu la wataalamu wa radiolojia, na hilo linamtaka mtu awe amesajiliwa ndipo afanye kazi. Kwa hiyo mashine ina karatasi yake na mtu ana karatasi yake. Wakaguzi wakija, karatasi zote mbili zipo, zimebandikwa ukutani, zinang'aa. Kitu kimoja hakionekani ukutani: nani alikuwa chumbani jana saa tisa usiku.

Wenzetu wa Uingereza wamelifanya jambo hili wazi kuliko sisi. Mwanafunzi wao wa radiografia hana leseni yoyote ya mamlaka mkononi. Kanuni zao za mwaka 2017 kuhusu mionzi ya kitabibu zinasema anaweza kushiriki kwenye kipimo kama sehemu ya mafunzo, mradi anasimamiwa na mtu aliyefunzwa ipasavyo. Basi. Ruhusa yake yote inatoka kwa aliyesimama pembeni yake. Nikiisoma kanuni ile huwa najiuliza kama hii karatasi yetu haijatudanganya kidogo, ikatufanya tuamini kwamba kijana akishaipata anajitosheleza.

Turudi nyuma kidogo, maana leo ni siku ya historia. Tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Conrad Röntgen, katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, aliona mwanga ukicheza kwenye kipande cha kadi ambacho hakikupaswa kung'aa. Tarehe 22 Desemba akapiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa na pete vikaonekana. Hiyo mnaijua, tunaifundisha wiki ya kwanza ya chuo. Ninayotaka kuwasimulia leo ni ya mtu ambaye hatumtaji kwenye sherehe.

Aliitwa Clarence Dally, fundi wa kupuliza vioo, Mmarekani, mfanyakazi wa Thomas Edison. Habari za Röntgen zilipofika Marekani, Edison akaingia kwenye kazi ya mionzi mipya, na Dally akawa mtu wa kujaribu tyubu za kutoa mionzi. Unajua tyubu walikuwa wakizijaribu vipi? Anawasha, anaweka mkono wake mwenyewe mbele, anatazama mifupa inavyoonekana kwenye kioo. Kila siku. Mkono wa kushoto ulipoungua, akahamia wa kulia. Vidonda havikupona. Saratani ikaingia. Wakakata, wakakata tena, mpaka mikono yote miwili ikaondoka. Mwaka 1904 akafa, ana miaka 39. Edison aliogopa, akaachana na kazi ya eksirei moja kwa moja.

Kwa nini nawasimulia huyu? Kwa sababu Dally hakuwa peke yake kichochoroni. Alikuwa chini ya mtu maarufu kuliko wote wa zama zile katika mambo ya umeme. Bosi alikuwapo, jengo lilikuwapo, pesa zilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu mmoja tu wa kumwambia, "Ondoa mkono hapo." Kuwa na bingwa jengo moja na wewe hakukulindi kama bingwa mwenyewe yuko ghorofani anaandika barua. Mwaka 1936, pale Hamburg, katika bustani ya hospitali ya Mtakatifu Georg, wakaweka mnara wa mawe kwa ajili ya waliouawa na mionzi katika kazi hii. Majina yaliyochongwa mwanzoni yalikuwa 169. Baadaye yakaongezwa mengine. Sheria zetu za leseni zimeandikwa juu ya majina yale, hata kama aliyeziandika hajawahi kufika Hamburg.

Na nchi za dunia zilipokaa kuweka viwango, mwanafunzi alitajwa kwa jina. Mfanyakazi wa kawaida wa mionzi kikomo chake ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, milisiveti ikiwa ni kizio cha kupimia mionzi iliyopokewa na mwili. Kijana wa miaka 16 hadi 18 aliye mafunzoni kikomo chake ni 6. Chini ya miaka 16, haruhusiwi kabisa. Nyie wengi mmeshavuka umri huo, nawaona ndevu. Lakini fikra ndiyo hiyo: anayejifunza analindwa zaidi ya anayejua.

Sasa, kusimamia ni nini?

Marekani kuna chombo kinachothibitisha vyuo vya radiografia, kinaitwa JRCERT, makao yake Chicago. Wao wameligawa jambo hili mara mbili. Upo usimamizi wa ana kwa ana. Msimamizi anaiangalia kazi na kujiuliza kama huyu kijana ameshafikia kiwango chake. Anamwangalia mgonjwa hali yake. Anakuwapo chumbani wakati wa kupiga. Na picha ikitoka anaipitia na kuikubali yeye. Huo ni kwa kipimo ambacho mtarajali bado hajapimwa akafaulu. Akishafaulu, unakuja usimamizi wa pili, ambapo msimamizi si lazima asimame pale pale, lakini awe karibu kiasi cha kuitwa na kufika mara moja. Karibu. Chumba cha pili. Korido ileile.

Msimamizi aliye Kihonda wakati mtarajali yuko mjini hospitalini, huyo yuko karibu? Najua mtaniambia ana simu. Nyote mnajua inavyokwenda. Saa nane usiku kijana anapiga picha ya skrini kwa simu yake, anaituma WhatsApp, kioo cha skrini kinaonyesha taa ya dari ikiakisi katikati ya pafu la mgonjwa. Baada ya dakika kumi inarudi dole gumba. Dole gumba! Hapo ndipo usimamizi ulipofikia. Na jina la mgonjwa limo ndani ya picha hiyo, limekwenda kwenye simu ya mtu, na pengine kwenye kundi la watu arobaini. Hilo nalo ni la siku nyingine.

Nawapa kisa. Sitataja hospitali, na anayeijua anyamaze. Usiku mmoja wameletwa majeruhi wa bodaboda, mmoja wao kijana anahema kwa shida. Daktari anaomba picha ya kifua haraka. Zamu ile chumba cha eksirei kilikuwa na mtarajali peke yake, mwezi wake wa pili. Mgonjwa hawezi kusimama, kwa hiyo amepigwa akiwa chali, mionzi ikitokea mbele. Lakini kwenye kompyuta ya mashine yule mtarajali alichagua kile alichozoea mchana, kifua cha mtu aliyesimama, mionzi ikitokea nyuma. Mashine ikatii. Ikaigeuza picha kama inavyoigeuza kila siku, kulia kukawa kushoto. Alama ya R ya kuonyesha upande wa kulia, ile ya madini ya risasi tunayoibandika kwa plasta, ilikuwa imepotea tangu wiki iliyotangulia. Akaiweka R kwa kompyuta, kwenye upande ambao kwa mazoea ndiyo kulia.

Pafu lililoshuka lilikuwa la kulia. Kwenye picha lilionekana la kushoto. Daktari amevaa glovu, ameshika mpira wa kuingiza kifuani, anapaka dawa upande wa kushoto. Aliyeokoa maisha usiku ule ni muuguzi, dada mmoja mkongwe, aliyesema, "Daktari, mbona michubuko yote iko kulia?" Wakasimama. Wakamsikiliza tena kifua kwa stetoskopu. Wakabadilisha upande.

Nilikaa kwenye kikao cha kulijadili jambo lile. Mtarajali aliandikiwa barua. Mnajua msimamizi aliandikiwa nini? Hakuandikiwa chochote. Jina lake lilikuwa kwenye ratiba ya usiku ule, lakini kikao kilisema hakuwapo, hivyo hahusiki. Nikauliza: hahusiki kwa sababu hakuwapo? Si ndilo kosa lenyewe? Sikujibiwa vizuri mpaka leo.

Ndiyo maana nasema leseni hii ni ya wawili. Barua ikiandikwa, ziandikwe mbili. Na sifa zikitolewa, zitolewe mbili vilevile, maana wapo wasimamizi humu ndani wanaowalea vijana kama wadogo zao wa damu na hakuna anayewashukuru.

Sasa naingia kwenye jambo ambalo ningepewa dakika tano tu leo, ningelisema hili peke yake. Kurudia picha.

Wale wale wa Chicago wana sharti moja ninalolipenda. Mtarajali akishafaulu kipimo fulani, anaweza kukifanya bila msimamizi kusimama naye. Lakini picha ikiharibika ikabidi irudiwe, msimamizi lazima aingie chumbani. Hata kama mtarajali ni hodari. Hata kama amepiga picha za mikono mia tano. Kurudia ni ana kwa ana, siku zote. Kwa nini walikaza hapo? Kwa sababu picha ya kwanza unaipiga kwa akili, ya pili unaipiga kwa hofu. Umeona aibu, mgonjwa anakuangalia, foleni inanung'unika nje. Unabadilisha kitu kimoja bila kujua kilichoharibu kwanza ni kipi. Unapiga. Imeharibika tena. Sasa unafanya nini?

Januari 2008, katika mji wa Arcata, kaskazini mwa California, mtoto mdogo wa kiume aliletwa hospitali baada ya kuanguka kitandani. Shingo inamuuma. Wakampeleka CT-Scan, kazi ya dakika chache. Mtoto alikaa ndani ya mashine ile zaidi ya saa nzima, na mashine ilipita palepale mara 151. Nasema tena: mara 151, mahali palepale, kwa mtoto. Ngozi yake ikaonyesha kuungua. Aliyeiendesha mashine ile hakuwa mwanafunzi. Alikuwa na leseni kamili ya jimbo, na baadaye alinyang'anywa.

Ukinisikiliza vizuri utaniuliza: mzee, kama alikuwa na leseni kamili, kisa hiki kinatuhusu nini? Kinatuhusu hivi. Ndani ya ile saa moja angeingia mtu yeyote mwenye ujuzi akauliza, "Mbona unarudia?", mambo yangeishia hapo. Mtu mwenye leseni kamili, mwenye uzoefu, akiwa peke yake na kitufe anaweza kufika 151. Sasa huyu mwenye miezi miwili tumwache peke yake kwa lipi?

Na kuna jambo la zama hizi za kidijitali ambalo wakongwe wenzangu mnalijua, vijana hamjaliona. Enzi za filamu, ukikosea, chumba cha giza kilikusema. Mionzi ikizidi filamu inatoka nyeusi tii, ikipungua inatoka nyeupe. Zilizoharibika zinatupwa kwenye kapu. Ijumaa msimamizi anakuja analimwaga lile kapu sakafuni, anainua moja moja kwenye mwanga: "Hii ya nani? Mgonjwa alipumua. Hii? Hukufunga mwanga uishie sehemu inayopigwa, umepiga mpaka tumbo." Ulikuwa unatamani ardhi ipasuke. Lakini ulijifunza.

Leo kapu liko wapi? Leo kuna kitufe cha kufuta. Halafu ubaya wa pili: mionzi ikizidi, kompyuta inairekebisha picha, inatoka safi, inapendeza kuliko ile iliyopigwa sawasawa. Mtarajali anajifunza nini? Anajifunza kwamba ukiongeza dozi daktari halalamiki. Mwezi huu anaongeza kidogo, mwezi ujao kidogo tena, na mgonjwa ndiye anayelipa bila kujua. Wasimamizi, mashine nyingi za kidijitali zinatunza orodha ya picha zilizokataliwa, na kila picha ina namba inayoonyesha imepokea mionzi kiasi gani. Ni nani humu ndani ameifungua orodha ile mwezi huu? Sitawaomba msimame. Ifungueni. Hilo ndilo kapu letu. Limwageni kila Ijumaa, mkae na kijana, mpitie moja moja.

Waganga wafawidhi, sasa nageukia upande wenu, na nawaomba mnivumilie maana mimi ni mstaafu, hamna pa kunihamishia.

Nchi hii imepata mashine. Tuseme kweli na tushukuru. Kwenye ule mkopo wa IMF wa mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, sehemu yake ilinunua CT-Scan za hospitali za rufaa za mikoa na eksirei za kidijitali. Wagonjwa waliokuwa wakisafirishwa hadi Muhimbili au Bugando kwa ajili ya picha ya kichwa sasa wanapigwa mkoani kwao. Haya ni maendeleo, anayebisha hajawahi kukaa kwenye basi na mgonjwa aliyepoteza fahamu.

Lakini mashine hufika kwa lori ndani ya siku mbili. Mtu wa kuiendesha anachukua miaka. Na katikati ya pengo lile mmemwona nani? Mmemwona mtarajali. Kijana, ana nguvu, hana familia ya kuombea ruhusa, hawezi kukataa kwa sababu anahitaji saini ya mwisho wa mwaka. Akaingizwa kwenye ratiba kama mtumishi kamili. Jumatatu usiku: mtarajali. Jumanne usiku: mtarajali. Hapo amekuwa kiraka cha ikama, na mafunzo yamekufa.

Mwaka mmoja nilimwona binti mtarajali akigoma. Aliletewa mgonjwa wa CT ya tumbo, inatakiwa dawa ya kontrasti mshipani, ile ya kufanya viungo vionekane vizuri kwenye picha, na msimamizi ametoka. Daktari amesema haraka. Binti akasema, "Nitamwandaa mgonjwa, lakini dawa sichomi mpaka msimamizi afike." Akafokewa mbele ya ndugu wa mgonjwa. Akasimama palepale, mikono nyuma. Msimamizi alipofika akauliza maswali matatu tu. Kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, iko wapi? Haikupimwa. Ana kisukari, anatumia metformini? Ndiyo, anatumia. Amewahi kupata mzio wa dawa yoyote? Hakuna aliyemuuliza. Mgonjwa akarudishwa wodini, akapimwa damu, akafanyiwa kipimo kesho yake.

Sitaki kuwadanganya kwamba yule binti alipigiwa makofi. Alinuniwa wiki nzima. Aliitwa mjuaji. Lakini nawaambia nyie watarajali, mbele ya wakubwa zenu ili wote wasikie: kusema "sifanyi mpaka msimamizi aje" ni haki mliyopewa na leseni ile ile ya muda. Na waganga wafawidhi, naomba kauli hiyo isiwe kosa la nidhamu katika hospitali zenu. Iandikeni. Ibandikeni kwenye mlango wa CT.

Mtaniuliza kuhusu vituo vyenye mteknolojia mmoja tu. Nimeulizwa mara nyingi, na jibu langu halipendezi. Kituo chenye mteknolojia mmoja kisipelekewe mtarajali. Huyo mmoja akienda likizo, akiugua, akifiwa, nani anabaki? Chicago wanataka mwanafunzi mmoja kwa mtaalamu mmoja, wasizidi. Sisi hatuwezi kufikia hapo kesho asubuhi, najua. Lakini mtarajali mmoja kwa msimamizi sifuri hatuwezi kuuita uwiano.

La beji nitalipitia haraka. Wapo watarajali wanaofanya kazi mwaka mzima bila kifaa cha kupimia mionzi kwa sababu "wako kwa muda tu". Wengine wanaazimwa cha mtu aliye likizo. Jamani! Kile kifaa kikirudi Arusha kusomwa, kinasoma maisha ya nani? Na nyie mlio navyo, visiachwe kwenye aproni ya kukinga mionzi ndani ya chumba. Kuna mahali majibu yalirudi yakaonyesha mtumishi mmoja amepokea mionzi ya kutisha. Akaitwa, akapimwa damu, mke wake akalia. Kumbe aproni ilikuwa ikining'inia miezi yote kwenye msumari ukutani, mita moja na nusu kutoka mezani, beji ikiwa kifuani pake. Beji ilipigwa picha na kila mgonjwa wa wilaya ile.

Na sasa logibuku, kile kitabu ambamo msimamizi anasaini kila kazi aliyoifanya mtarajali. Hapa nawaomba wasimamizi tutazamane usoni. Nimeshika logibuku nyingi mwisho wa mwaka. Ukurasa wa kwanza mpaka wa arobaini, tarehe tofauti, wino uleule, saini imelala upande uleule, na mahali pengine imepitiliza mstari kwa uchovu. Imesainiwa yote jioni moja, pengine kijana amesimama pembeni ameshika soda ya kukushukuru. Saini ile inamwambia Msajili wa Baraza: nilikuwapo, nilimwona akimlaza mama yule, akamuuliza kuhusu ujauzito kabla ya kupiga nyonga, akafunga mwanga, akaweka alama. Ulimwona? Kama hukumwona, umeshuhudia nini? Baraza likipokea logibuku ile linampa kijana leseni kamili, na kuanzia asubuhi ya pili yeye ndiye msimamizi wa wengine. Hukumfundisha, naye anafundisha. Miaka mitano baadaye tunakaa kwenye vikao tunashangaa.

Saini siku ileile, kabla mtarajali hajavua koti. Ikipita siku, acha wazi. Ukurasa wenye nafasi tupu ni wa kweli kuliko uliojaa.

Ndugu mgeni rasmi, naona saa. Nina maombi machache na yote yanaweza kuanza Jumatatu, hayahitaji bajeti. Ratiba ya kila mwezi iwe na majina mawili kila zamu ambayo mtarajali yumo, na jina la pili liwe la mtu atakayelala hospitalini, asiwe wa kupigiwa simu. Mlangoni mwa chumba cha eksirei paandikwe msimamizi wa zamu ni nani, kwa chaki, kwa karatasi, vyovyote. Kila mtarajali apewe alama zake mwenyewe za R na L zenye herufi za majina yake, azibebe mfukoni. Hizo hata fundi wa mtaani anaweza kuzitengeneza. Na picha ya kurudia isipigwe mpaka jina la pili liwe chumbani.

Nimemaliza upande wangu, na zimebaki dakika za maswali kabla hatujaitwa mezani. Nianze na dada aliye safu ya nyuma, ambaye mkono wake umekuwa juu tangu nilipotaja kituo chenye mteknolojia mmoja. Karibu, dada. Nadhani wewe ndiye huyo mmoja.